Kiuno cha Roketi

1

Roketi yangu ya saba ilipanda urefu wa mnazi mmoja, ikasita, ikageuka kichwa chini kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kisha ikajichomeka kwenye kichaka cha mkwamba hatua ishirini tu kutoka pale nilipokuwa nimelala kifudifudi. Niliinuka nikiwa na mchanga mdomoni.

Bwana Vuai, mkaguzi wa anga, aliandika kitu kwenye kibao chake. "Sekunde mbili na nusu," akasema. "Ile ya mwezi uliopita ilikwenda tatu."

"Ahsante, Bwana Vuai."

"Mie nakwambia tu, Zume. Ungeitia mapezi ingekwenda."

"Ningeitia mapezi ingetunguliwa."

Akacheka, maana ofisi inayotungua ni yake. Yaani si yeye mwenyewe, ni Macho, zile ndege ndogo zisizo na rubani zinazozunguka juu ya kisiwa tangu vita viishe. Macho hayakufundishwa mengi. Yanamjua kunguru, yanamjua popo, yanaijua ndege ya abiria. Kitu kingine chochote chenye pezi kinachopanda kwa kasi, kwao ni kombora, na kombora haliulizwi jina la baba yake. Hivyo ndivyo vyama vya roketi za karatasi vilivyokufa kisiwa kizima, kimoja baada ya kingine, mpaka nikabaki mimi na ukaidi wangu kwenye uwanda huu wa Mkwambani. Sheria haikukataza roketi. Ilikataza mapezi. Basi nikajiambia, nitaunda isiyo nayo.

Kusema ni rahisi. Roketi ya kawaida ni mshale: mapezi ya nyuma yanakamata upepo, na upepo unailazimisha ielekeze pua mbele itake isitake. Ukiyaondoa, unabaki na bomba la karatasi linalotaka kugeuka kila linapopigwa na hewa. Lazima pawe na kitu cha kulishika. Injini yangu niliifunga ndani ya pete mbili zinazocheza, ili mdomo wake uweze kuelekea huku na huku na kusukuma pale bomba linapoanza kulala. Pete hizo niliziita kiuno. Juu, karibu na pua, niliweka mizani ya dukani, ile akili ndogo inayotumika kusimamisha ngazi za mafundi wa umeme. Nayo ilijua neno moja tu: wima. Roketi ikiinama kidogo, iliirudisha kwa nguvu. Ikivuka upande wa pili, iliirudisha kwa nguvu zaidi. Mwisho bomba zima likatetemeka kama mwenye homa, likaanguka. Mara saba.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, pembeni mwa uwanda, na chupa ya chai miguuni. Aliinuka akaja kutazama maiti ya roketi. Nilipenda sana kumwona mama yangu, Bi Kazija, akitembea. Miaka sabini na tatu, na bado mabega yake yalitulia tuli, shingo imelegea, kiuno kinakwenda na kurudi bila haraka: mwendo wa mwanamke aliyechukua maji kichwani tangu ana miaka saba hadi mabomba yalipofika. Usingedhani kwamba masikio yake yaliacha kumpa mizani miaka tisa iliyopita, na kwamba bila mshipi uliokuwa chini ya dera lake asingesimama hata muda wa kusema bismillahi.

"Imekaza shingo," akasema.

"Roketi haina shingo, mama."

"Inayo, na imeikaza. Mtungi hauchukuliwi kwa shingo, mwanangu. Anayekaza shingo huvunja mtungi, akarudi nyumbani na kata tupu kichwani na uongo mdomoni. Kichwa kinasindikiza tu. Anayechukua ni kiuno."

Bwana Vuai alicheka, nami nikacheka. Lakini neno lile lilinikaa.

2

Kazi inayonilisha ni kurekebisha mishipi ya mizani kwenye zahanati. Mshipi una vidole sita vya mpira vinavyobonyeza kiuno cha mvaaji, kimoja hapa, kingine pale, kuikumbusha misuli wapi pa kukaza na wapi pa kulegeza. Anayeviamuru ni mizani yenyewe, kidude cha ukubwa wa punje ya kunde. Ile ya mama ilijifunza kutoka kwake mwenyewe, wiki zile chache kabla masikio yake hayajazimika kabisa. Nilimvalisha, akatembea uani na ndoo kichwani asubuhi na jioni, na mizani ikaunyonya mwendo wake wote.

Wakati ule ndivyo tulivyomfanyia kila mtu. Siku hizi hakuna mwenye subira. Mishipi huja na mwendo wa kiwanda, mmoja kwa wote, hatua fupi na salama. Ukisimama nje ya zahanati siku ya Jumatatu utaona wazee thelathini wanatembea kama mtu mmoja. Wajukuu wao huwatambua kwa nguo.

Zahanatini tuna mwiko mmoja unaotangulia yote: mizani haisomwi ikiwa nje ya mwili. Ukiisoma unaiamsha. Ikiamka inakitafuta kiuno chake, na isipokikuta huanza kutilia shaka kila kitu ilichokijua. Nimewafundisha mwiko huo mafundi wanane, na mmoja wao nilimfukuza kazi kwa kuuvunja.

Jumatano ile, baada ya chakula cha mchana, mama alivua mshipi kama kawaida yake, akautundika kwenye msumari, akalala. Nilikaa sebuleni na vipande vya roketi ya saba mapajani. Nikautazama mshipi. Kila nilichokikosa kilikuwa pale ukutani, hatua nne kutoka nilipokaa: mizani isiyojua wima, mizani inayojua kuchukua.

Ningeweza kumsubiri aamke nikamwomba. Nitasema ukweli, maana nimeshasema uongo wa kutosha: niliogopa atakataa. Nikajiambia dakika kumi tu. Nikaushusha.

Nilichokipata ni mistari. Mistari mingi, mizuri, inayopanda na kushuka, na sikuelewa hata mmoja. Mwendo wa mtu haunakiliwi kwa kusomwa, hilo nalo nilikuwa nikilijua. Nikaurudisha mshipi kwenye msumari, nikauweka sawasawa kabisa kama ulivyokuwa. Mama alipoamka akajifunga, akaenda jikoni kuchemsha chai, na mwendo wake ulikuwa ule ule. Nikashusha pumzi. Funika kombe mwanaharamu apite.

3

Siku ya tatu alianguka kizingitini.

Nilisikia sinia kwanza, kisha yeye. Nilimkuta amekaa sakafuni katikati ya vigae vya vikombe, mguu mmoja umekunjwa vibaya, ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Hakuwa analia. Alikuwa anashangaa.

"Zume," akasema, "sakafu imenikimbia."

Mguu haukuvunjika. Niliufunga, nikamlaza, nikauchukua mshipi na kuupima nikiwa nimemvalisha, kama inavyotakiwa, kama nilivyotakiwa kufanya siku zote. Vidole viwili vya kushoto vilikuwa vikibonyeza na kuacha, kubonyeza na kuacha, kama mtu anayetaka kubisha hodi na hana uhakika ni nyumba gani. Nusu ya mwendo wake ilikuwa imekwenda. Na hakuna dawa yake. Mizani ikishaanza shaka hairudi nyuma, hupotea kidogo kidogo mpaka ikaisha.

Nilimtengenezea uji. Nikamletea. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, nikapiga moyo konde.

"Mama, mshipi haukuharibika wenyewe. Nimeuharibu mimi."

Akaacha kukoroga uji.

"Lini?"

"Jumatano. Ulipolala."

"Kwa ajili ya kile kidude chako?"

"Ndiyo."

"Umepata ulichokitaka?"

"Sikupata kitu."

Nje jirani yetu Bi Mtumwa alikuwa anamfokea mbuzi, na sauti yake ilitufikia kama vile hakuna kilichotokea duniani. Ningependa mama anifokee hivyo. Ningependa anirushie bakuli.

"Ungeniomba, Zume," akasema. "Ningekupa."

Nina miaka arobaini na moja, na nililia kwa sauti nikiwa nimeufukia uso wangu kwenye shuka lake. Nililia kwa aibu zaidi kuliko huzuni. Baada ya muda nikahisi mkono wake kichwani. Haukuwa mkono wa kusamehe, nadhani. Ulikuwa mkono wa mama tu, na huo huja kabla ya msamaha.

"Haya," akasema. "La kuvunda halina ubani. Sasa ntatembea vipi?"

Nikamweleza. Zahanatini kuna mishipi mipya, naweza kumletea mmoja kesho, na hataanguka tena.

"Wenye mwendo ule wa kina Bi Mtumwa?"

"Ndio huo huo."

Akauweka uji kando. "Watu watanisimamisha njiani wakidhani ni yeye. Yule ana madeni ya maneno mji mzima. Hakuna njia nyingine?"

Ilikuwapo moja. Nilikuwa nayo kwenye kopo la hiliki, juu ya kabati: mizani mbichi, ya aina ya zamani inayoweza kufundishwa. Viwanda viliacha kuitengeneza. Niliihifadhi miaka mitano kwa ajili ya roketi ya mwisho, siku nitakapokuwa najua ninachofanya. Nikaenda nikaileta, nikaiweka kwenye kiganja chake.

"Lakini inataka mtu mwenye mwendo wa kuifunza," nikasema.

"Nami nimebaki nusu." Aliigeuzageuza kwa kidole. "Wewe mzima."

"Mimi sijui, mama. Mimi nimekua na bomba."

"Utajua," akasema.

4

Mguu wake ulipopona tulianza uani. Alinisokotea kata kwa kitambaa cha zamani, akanitandikia kichwani, juu yake akaweka ndoo ya maji nusu. Kiunoni nilikuwa nimejifunga mshipi mtupu, mizani mbichi ndani yake, vidole vyote vimelegea, inasikiliza.

Hatua ya kwanza nilijimwagia. Ya pili pia. Mwisho wa asubuhi nilikuwa nimeoga mara tano na kuku walikuwa wanakunywa katika nyayo zangu.

"Usiitazame ndoo," mama akasema.

"Siioni, iko kichwani."

"Unaitazama kwa shingo. Iache. Haiendi popote bila wewe."

Yeye hakuweza kukaa kitini akafundisha. Alisema mwendo haufundishwi kwa mdomo, lazima ausikie ukipita. Na kwa kuwa mshipi wake uliobaki nusu haukumtosha, alinishika mkono wa kushoto, akaniegemea, tukaenda pamoja kutoka mlango wa jiko mpaka kwenye choo cha uani na kurudi, mimi na ndoo na mama. Kila shingo yangu ilipokaza alinifinya. Kila kiuno kilipochelewa alinisukuma kwa nyonga.

Bi Mtumwa alichungulia juu ya ukuta siku ya nne. "Kazija! Unamfunda kiuno mwari wa miaka arobaini? Keshapata mume?"

"Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," mama akamjibu bila kusimama. "Huyu ulimwengu umemrudisha."

Kicheko cha Bi Mtumwa kilinifanya nicheke, na maji yakanimwagikia puani.

Siku zikaenda. Nilikuwa nikitoka zahanatini alasiri, navua viatu, naivaa kata. Nilijifunza mambo ambayo sikuyakuta katika kitabu chochote cha ufundi. Kwamba mwili hauzuii kuyumba, unakuruhusu na kukungojea upande wa pili. Kwamba maji ndani ya ndoo yana mwendo wao, na ukiyapinga yatakushinda, lakini ukiyafuata kwa nusu pumzi yanatulia yenyewe. Nilielewa hatimaye kwa nini roketi saba zilianguka. Nilizitaka zisimame. Hakuna kinachokwenda huku kimesimama.

Siku ya thelathini na nane tulikwenda na kurudi mara tatu bila tone kudondoka. Mama aliniachia mkono, akashika ukuta, akanitazama nikienda peke yangu mpaka mwisho wa ua, nikageuka, nikarudi. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Mama yangu alikuwa akigeuka hivyo," akasema.

5

Mizani ilikuwa tayari. Niliitoa kwenye mshipi wangu mtupu na kuiweka mezani kati yetu, juu ya kitambaa cheupe, pamoja na mshipi wake.

"Kaa nikuvalishe," nikasema.

"Roketi ya nane iko wapi?"

"Sijaunda."

"Muongo. Iko chini ya kitanda chako, nimeiona nilipoangusha tasbihi."

Ilikuwapo. Niliiunda Ijumaa mbili mfululizo kwa sababu mikono haikuweza kukaa bure: bomba la karatasi ya kaki nililolizungusha na kugundisha kwa gundi ya unga, pua ya mti wa msufi, kiuno kipya chenye pete laini zaidi. Kitambaa cha mwavuli wake wa kushukia nilikikata kwenye mwavuli wa mvua uliokufa mbavu. Sehemu ya mizani niliiacha wazi. Sikuwa na nia ya kuijaza, naapa. Nilitaka tu iwe imekamilika.

"Irushe kwanza," mama akasema. "Halafu nivae."

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni moja tu. Ikianguka itapondeka, na hakuna nyingine. Na hata isipoanguka, huenda ikatoka huko juu imeingiwa na shaka kama ile. Haijapata kuvaa roketi. Sijui itafanya nini, mama, na hakuna anayejua. Utavaa wa kiwanda mpaka mwisho wa maisha yako."

"Ntavaa."

"Mimi sitaki!"

Nilipaza sauti. Yeye hakupaza.

"Nisikilize. Miaka miwili nakaa kwenye kile kiti nikitazama vitu vyako vikianguka, na kila kikianguka nasema kimoyomoyo, kijacho. Leo kipo cha kusimama. Ukinivalisha hivi hivi, kila hatua ntakayopiga ntajua nimeichukua mdomoni mwako. Ntatembea, ndiyo, lakini kwa haya. Nitakuwa nimekufanyia ulichonifanyia."

"Si sawa, mama. Mimi niliiba."

"Ndiyo. Na mie nakupa. Tatizo lako hujazoea kupewa."

Ni ajabu, lakini ilikuwa rahisi zaidi siku ile nilipoushusha mshipi msumarini bila ruhusa. Mwizi anajidanganya kwamba hakuna atakayeumia. Anayepokea hana pa kujificha, anajua sawasawa kinachowekwa mkononi mwake na kinatoka kwa nani. Nilitaka kukataa ili nijione mtoto mwema. Nikamwangalia, mwembamba kwenye kiti chake, mguu wake ambao ulikuwa bado na kovu la kigae, na nikaona kwamba kukataa kungekuwa kwa ajili yangu, si kwa ajili yake.

"Ukibadili mawazo hata njiani," nikasema, "tunarudi."

"Lete chupa ya chai," akasema.

6

Bwana Vuai alipitisha kiganja chake juu ya bomba lote, toka pua mpaka mkia, kama anayekagua kuku wa kununua. "Halina pezi," akasema, akagonga muhuri. Kisha akamtazama mama, aliyekuwa amekuja akiniegemea hatua kwa hatua. Huwa ana mzaha kwa kila mtu, lakini siku hiyo alimbebea kiti mwenyewe.

Niliiweka mizani mahali pake. Upande wake wa kushoto niliuchorea mstari mwekundu kwenye bomba, ili nijue baadaye iliinamia wapi. Injini ile huwaka sekunde sita. Ikizimika, kiuno hakina tena cha kusukumia, kwa hiyo mwavuli lazima ufunguke papo hapo, la sivyo bomba litapinduka na kuja chini na mwendo wa mama yangu ndani yake.

Asubuhi ilikuwa shwari. Hata jani la mkwamba halikutikisika.

Nilirudi nyuma, nikashika swichi, nikamtazama mama. Nilimpa nafasi ya mwisho. Yeye akanionyesha kwa kidevu: haya.

Nikabonyeza.

Ilitoka kwenye mti wake wa kurushia polepole, ikizomea, na kwenye urefu wa mnazi mmoja ikafanya kile walichofanya wenzake saba: ikayumba. Lakini haikukazana. Ilijiacha iende upande mmoja, ikapokewa huko, ikarudi upande wa pili, bila haraka, pua imetulia na mkia ndio unaocheza. Ikapanda. Minazi miwili, mitano, kumi. Iliacha moshi wenye mawimbi nyuma yake, na nilipoyaona mawimbi yale nilijua ni nani anayepita.

"Moja kwa moja kisimani," mama akasema, kwa sauti ndogo sana.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa. Hewa ilikuwa imetulia, lakini roketi ilipanda imeegemea upande mmoja, kidogo tu, ikiukimbia mstari mwekundu. Haikuwa inaanguka. Iliegemea hivyo hivyo na kuendelea, sekunde ya nne, ya tano. Nikafikiri nimefunga injini vibaya. Macho mawili yalipita juu yake, yakapunguza mwendo, yakaitazama, yakaenda zao.

Sekunde ya sita injini ikazimika, na ule mwavuli mweusi wa mvua ukafunguka juu ya Mkwambani, na Bwana Vuai mkaguzi wa anga, mtumishi wa serikali, akarusha kofia yake.

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Ilishukia kwenye miba. Nilichanika mikono yote miwili kuitoa, pua ilikuwa imebonyea na bomba limepasuka ubavuni. Niliifungua pale pale nimepiga magoti. Mizani ilikuwa ya joto, nzima, kama kunde iliyotoka chunguni.

7

Niliitia mizani kwenye mshipi wake, nikamvalisha papo hapo uwandani, nyuma ya shuka ambalo Bwana Vuai alilishika akiwa ametugeuzia mgongo. Vidole sita vikaamka. Nikavihesabu kwa mkono wangu, kimoja kimoja, navyo havikubisha hodi. Vilijua nyumba.

"Simama, mama. Taratibu. Nipo."

Akasimama. Akaachia kiti. Akapiga hatua, na kiuno kikaenda, mabega yakatulia, shingo ikalegea. Akapiga ya pili. Ya tatu akasimama.

"Vipi? Imeingiwa na shaka?"

"Hapana." Alikuwa amekunja uso, kama anayesikiliza mtu chumba cha pili. "Nzuri. Lakini inanipeleka kulia."

Nikaona. Alikuwa ameinama kulia, kidogo tu, kama roketi ilivyoinama.

"Nitairekebisha," nikasema. "Nimekosea kitu. Hata kule juu ilifanya hivi, nadhani pete moja..."

"Nyamaza kwanza." Akafumba macho, akapiga hatua nyingine. "Kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Huku kushoto. Kuna mtu kaniegemea. Mzito! Na mie namchukua, ndiyo maana najivuta huku, nisianguke naye." Akafumbua macho, akanitazama. "Zume, nani huyu?"

Siku thelathini na nane, kutoka mlango wa jiko mpaka mwisho wa ua, yeye akiwa kushoto kwangu. Niliona uso wake ukibadilika taratibu, kuanzia machoni.

"Hukunambia," akasema. "Siku zote zile hukunambia kama mie mzito hivi."

"Hukuwa mzito, mama."

"Muongo wewe. Nakusikia hapa kiunoni. Ulikuwa umechoka." Akaweka mkono wa kushoto ubavuni. "Ulikuwa umechoka, na hukuniachia hata mara moja."

Nikasema tena kwamba nitaitengeneza, kwamba baada ya mwezi mmoja wa kutembea peke yake mizani ingejinyoosha yenyewe, ingemsahau yule mtu wa kushoto. Nilisema kama fundi wa zahanati, kwa sababu ndiyo sauti pekee niliyokuwa nayo.

"Isisahau," mama akasema. Akautoa mkono wake wa kushoto ubavuni, akauacha wazi. "Njoo hapa. Egemea."

"Nitakuangusha."

"Nimekwambia egemea, mwanangu. Nafasi yako ipo."

Nikaenda upande wake wa kushoto, nikamshika mkono. Nilianza kwa woga, uzito wa kidole, kisha wa bega, kisha nikaachia mwili wangu wote uliochoka umwegemee mama yangu. Akanyooka. Tukaenda hivyo mpaka barabarani.